Ugomvi wa maegesho mtaani: pima kwanza, ndipo ubishe hodi

"Umeegesha mbele ya kwangu." Kauli hii ndiyo inayoanzisha ugomvi mwingi wa majirani juu ya magari, na shida yake ni kwamba inabeba malalamiko matatu tofauti. La kwanza ni kizuizi: gari limeziba geti, au limebana njia kiasi kwamba wengine hawapiti. La pili ni nafasi: gari halijazuia chochote, ila limesimama pale ulipozoea kusimama wewe. La tatu ni kero: injini inayounguruma alfajiri, king'ora cha gari kinacholia usiku kucha, oili inayodondoka kwenye lango la mtu. Kizuizi kina sheria. Nafasi inataka makubaliano. Kero inataka mazungumzo. Anayekimbilia polisi kwa suala la nafasi hurudi mikono mitupu huku jirani amekwisha kuwa adui. Na anayevumilia kizuizi akidhani ni suala la ujirani mwema tu, siku ya moto au ya mgonjwa ndipo hugundua kwamba hakupaswa kunyamaza.

Tuanze na haki, kwa kuwa hapo ndipo wengi hujidanganya. Kipande cha barabara ya umma kinachopita mbele ya nyumba yako si chako, mmepakana tu. Ulicho nacho, kwa sheria za nchi nyingi, ni haki ya kuingia na kutoka. Mkataba wa Vienna wa Usafiri wa Barabarani wa mwaka 1968, katika ibara ya 23, unakataza kuegesha mbele ya njia ya magari ya kuingilia kwenye nyumba, na pia mahali ambapo gari lako litalizuia lisitoke gari jingine lililoegeshwa vizuri. Kwa hiyo ukimzibia jirani kwa nyuma ili "ajifunze", mwenye kosa ni wewe, hata kama yeye ndiye aliyeanza uchokozi.

Mambo hubadilika kama barabara ni ya binafsi, kama mamlaka imechora nafasi au kutoa vibali vya wakazi, au kama mkataba wa upangaji unaitaja nafasi fulani. Tafuta karatasi kabla ya kubishana: hati, ramani ya kiwanja, mkataba. Kwenye njia ya pamoja inayopita kati ya nyumba mbili, soma maneno kwa makini, kwani haki ya kupita kwa kawaida haimaanishi haki ya kuegesha. Na yale mawe, koni na matairi makuukuu yanayowekwa barabarani kushikia nafasi hayana nguvu yoyote kwenye barabara ya umma. Katika nchi nyingi hayo yenyewe ndiyo kizuizi, na pikipiki ikiyagonga gizani, aliyeyaweka ataulizwa.

Sasa shika futi kamba na chaki. Pima upana wa barabara kutoka ukingo hadi ukingo. Gari la kawaida la familia lina upana wa takriban mita 1.8, na ukihesabu vioo vya pembeni linakaribia mita 2. Likisimama sentimita 10 kutoka ukingoni, limekula mita 2.1 za barabara. Barabara ya mita 6 yenye magari upande mmoja inabakiza mita 3.9, na hapo kila mtu anapita. Magari yakisimama pande zote mbili inabaki mita 1.8, hata gari dogo halipenyi. Barabara ya mita 7.5 yenye magari pande zote hubakiza mita 3.3, gari dogo linapita bila taabu, nalo gari la zimamoto linapita kwa mashaka. Mwili wa gari la zimamoto una upana wa kama mita 2.5 bila vioo, na haitoshi lipite tu: wazimamoto wanahitaji kufungua milango na makabati ya pembeni watoe mipira ya maji. Mwongozo wa Uingereza unataka njia ya mita 3.7 kwa gari hilo. Kwa hesabu hiyo, mtaa wenye barabara ya chini ya mita 8 haufai kuegeshwa pande zote mbili, na hili halihitaji mabishano, futi kamba imeshasema.

Lalamiko linalowachanganya watu kuliko yote ni la gari lililosimama upande wa pili, mkabala na geti. Mwenye gari anaapa hajaziba geti la mtu. Mwenye geti anaapa hawezi kutoka. Wote wawili wanasema kweli. Gari likitoka getini linahitaji nafasi ya kugeuka nyuzi 90, na kwenye viwanja vya maegesho ya kawaida wapimaji huacha njia ya kama mita 6 kwa kazi hiyo. Barabara ikiwa na mita 5 na gari la mkabala likila mita 2.1, zinabaki mita 2.9. Hapo dereva anakata usukani, anarudi nyuma, anakata tena, mara nne au tano, bampa ikikaribia nguzo ya geti kila mara.

Kuna njia tatu za kupunguza shida hiyo, na moja iko mikononi mwa mwenye geti mwenyewe: aingie nyumbani kwa kupiga rivasi. Magurudumu yanayokata kona ni ya mbele, na ukiingia kinyumenyume yanabaki barabarani yakiendelea kugeuka mpaka mwisho, hivyo gari huhitaji nafasi ndogo zaidi. Asubuhi linatoka likitazama mbele, na dereva anaona watoto wanaopita. Ya pili ni kupanua geti au kulirudisha ndani kidogo. Hata nusu mita ya ziada kila upande hupunguza idadi ya kukata usukani. Ya tatu ni kukubaliana na jirani wa mkabala kwamba kipande fulani kiachwe wazi. Ili kujua ni kipande gani, toeni gari mara chache wakati barabara iko tupu na mweke alama ya chaki pale pua ya gari inapofika. Mara nyingi kinachotakiwa hakizidi urefu wa gari moja, tena upande mmoja tu wa mkabala wa geti, ule ambao pua huelekea.

Kipimo kingine ni cha pengo kati ya geti na geti. Tuseme pengo ni mita 11, na magari yenu yana urefu wa mita 4.5. Magari mawili ni mita 9, na mita 2 zinabaki. Wa kwanza akisogea mpaka karibu na ukingo wa geti moja, na wa pili akasogea kwenye ukingo wa geti la pili, wote wanatosha na kila mmoja anatokea upande wake ulio wazi. Lakini wa kwanza akisimama katikati, anaacha mita 3.25 mbele na mita 3.25 nyuma, na hakuna gari linaloingia popote. Nafasi mbili zimekuwa moja, bila nia mbaya ya mtu yeyote. Mitaa mingi inayolalamika kwamba imejaa, imejaa kwa namna hii.

Kwenye kona msifanye makubaliano yoyote ya kuegesha. Sheria za nchi nyingi zinataka umbali wa kati ya mita 5 na 10 kutoka kwenye makutano, na sababu yake ni hesabu tu. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa linasafiri zaidi ya mita 8 kwa sekunde. Dereva anayetumia sekunde moja kushtuka ameshamaliza mita hizo kabla hajagusa breki. Mtoto anayechungulia kutoka nyuma ya gari lililosimama kwenye kona haonekani mpaka awe barabarani. Vivyo hivyo njia ya waenda kwa miguu: gari likipanda juu yake na kubakiza sentimita 60, kiti cha magurudumu hakipiti, na anayekisukuma anashuka kwenye barabara ya magari.

Ukishapima, zungumza. Usiende usiku ule ule gari likiwa limekuziba na damu inachemka. Kama limeziba, gonga uombe lisogezwe, basi. Mjadala uache kwa siku nyingine ambayo hakuna anayeharakisha. Nenda wewe mwenyewe, peke yako, bila shahidi wala simu inayorekodi. Sema jambo moja lililopimwa na uombe jambo moja: "Habari za jioni, jirani. Gari likisimama mkabala na geti langu, nakata usukani mara nne ndipo nitoke. Nimepima, nikipata mita 3 kuanzia kwenye ile nguzo, natoka mara moja tu. Ungeweza kusogea mpaka hapo?" Kisha nyamaza umsikilize. Huenda anasimama pale kwa sababu ndipo taa inapomulika na amewahi kuibiwa, au mama yake hawezi kutembea mbali. Ukiijua sababu unaweza kupata suluhisho ambalo hukulifikiria. Maneno "kila siku" na "nyinyi watu" yaache nyumbani. Yakitoka, jirani hatajibu tena habari ya gari, atajibu habari ya heshima yake.

Kama hamkutani, acha kikaratasi chenye jina lako na namba ya nyumba. Karatasi isiyo na jina iliyobanwa kwenye waipa ina madhara makubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa mwenye gari huanza kumshuku kila mtu mtaani, na hasira yake mara nyingi humwangukia asiyehusika. Picha ya gari lake kwenye kundi la simu la mtaa ni mbaya zaidi. Hakuna anayesogeza gari akiwa ameaibishwa mbele ya majirani hamsini.

Yapo ambayo hayafai kabisa. Kutoa upepo kwenye tairi ni hatari, kwani dereva anaweza kuondoka bila kutazama, na tairi lisilo na upepo huharibika ubavuni na kuyumbisha gari. Kulivuta gari la mtu kwa kamba ni kutafuta kesi: breki ya mkono ikiwa imefungwa na gia ya otomatiki ikiwa kwenye P, magurudumu yanaburuzwa, giaboksi inaweza kuharibika, na gharama itakuwa yako.

Ikiwa ombi limegonga mwamba, weka kumbukumbu kwa majuma mawili. Andika siku, saa, gari lilizuia nini na kwa muda gani. Piga picha tatu: moja ya mbali inayoonyesha geti na gari pamoja, moja yenye futi kamba ikionyesha nafasi iliyobaki, na moja ya namba ya gari. Usipige watu, madirisha wala watoto. Kumbukumbu ya namna hii ndiyo utakayoipeleka kwa uongozi wa mtaa, chama cha wakazi au msuluhishi, na mara nyingi nusu ya ubishi huisha karatasi inapowekwa mezani. Pengine itakuonyesha pia kwamba gari lilikuzuia mara mbili tu, na kumi ulizozihesabu zilikuwa za hasira.

Kwa kizuizi kinachoendelea sasa hivi, na mwenye gari haonekani, piga simu kwa trafiki au mamlaka ya maegesho. Taja barabara, namba ya nyumba na namba ya gari, na useme wazi kama gari lako liko ndani haliwezi kutoka au liko nje haliwezi kuingia. La kwanza huchukuliwa kwa uzito zaidi. Kama kuna mgonjwa, anza na namba ya dharura. Gari lililotelekezwa, lenye matairi yaliyolala na majani yaliyojikusanya chini yake, liripoti kwa mamlaka na usiliguse.

Ugomvi ukihusu nyumba zaidi ya mbili, mazungumzo ya mlango kwa mlango hayatoshi. Itisheni kikao, na kabla ya kikao hesabuni magari kati ya saa 4 na saa 5 usiku, siku tatu tofauti, mojawapo iwe ya mwisho wa wiki. Donald Shoup, aliyefundisha mipango miji Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alipendekeza maegesho ya barabarani yajae kwa takriban asilimia 85, yaani nafasi moja kati ya saba ibaki wazi. Mkishapita hapo, anayefika mwisho huzunguka, kisha huegesha vibaya.

Hesabuni pia nafasi zilizo ndani ya nyua. Gereji iliyojaa makochi ya zamani na mifuko ya saruji ni gari moja limetupwa barabarani. Kanuni tunayoitilia mkazo kuliko zote ni hii: ua ujae kwanza, ndipo gari la ziada litoke nje. Nyingine ziwe chache: kila gari lisogee mpaka ukingo wa geti, upande mmoja tu pale barabara ilipo nyembamba, mgeni aonyeshwe pa kuegesha na mwenyeji wake, lori na trela zisilale karibu na kona. Msichore mistari barabarani bila idhini ya mamlaka.

Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba watu wanaotumia pamoja malisho, maji ya mifereji au maeneo ya uvuvi wanaweza kuyatunza wenyewe pale wanapotunga kanuni wao, wanapokaguana wao, na adhabu inapoanza ndogo kisha kupanda polepole. Mtaani hiyo ina maana kwamba kosa la kwanza ni kukumbushwa tu, la pili kutembelewa na watu wawili waliochaguliwa, na la tatu kuandikiwa barua. Jaribuni kwa siku 60, kisha hesabuni tena usiku ule ule wa juma na saa zile zile. Mchoro wa mtaa wenye vipimo ubaki na mtu mmoja anayejulikana, na kila anayehamia apewe nakala siku anayoshusha mizigo, kwa kuwa usiku huo huo gari lake litalala barabarani.