Meno makubwa si dawa ya kila njia

Mwenye Prado akitaka kwenda porini, ushauri wa kwanza kijiweni ni ule ule: funga tairi zenye meno makubwa, hutakwama popote. Si kweli.

Meno marefu ya tairi za M/T (mud terrain, yaani tairi za tope) yametengenezwa kwa ajili ya tope. Yana nafasi pana katikati ili tope lirushwe nje tairi linapozunguka. Ukiyapeleka kwenye mchanga mlaini na kukanyaga mafuta, yanachimba, na gari linakaa kwa tumbo. Mchanga unataka tairi lipanuke: shusha upepo kutoka 35 hadi karibu 20 psi, nenda taratibu, kisha ujaze tena kabla ya lami. (Pampu ndogo ya kwenye gari ina faida kuliko taa za mapambo.)

Juu ya lami iliyolowa, M/T hushika vibaya na hupiga kelele. Kama safari zako nyingi ni lami na changarawe, A/T (all terrain, tairi za njia mchanganyiko, zenye meno madogo zaidi) inakutosha. Ila kwenye mfinyanzi mweusi wa masika, meno yake huziba haraka, na hapo M/T inashinda.