Kisanduku cha Bima ya Afya Katika Ritani ya Kodi ya Maryland: Kinachofanya na Kisichofanya

Kila Aprili 15 inapokaribia, maswali yanayotufikia kutoka kwa familia zinazozungumza Kiswahili hapa Maryland huwa ni yale yale, na mengi yanahusu sehemu fupi ya Fomu 502, fomu ya kodi ya mapato ya jimbo, inayouliza iwapo mlipakodi ana bima ya afya. Wapo wanaoiruka kwa hofu, na wapo wanaoweka alama kisha wakatulia wakiamini kwamba tayari wamekatiwa bima. Wote wanakosea, ila hawa wa pili ndio wanaoumia zaidi.

Sehemu hiyo imetokana na sheria ya mwaka 2019 iliyotiwa saini na Gavana Larry Hogan, ikaanza kutumika katika ritani zilizowasilishwa mwaka 2020. Maryland ilikuwa ya kwanza kutunga sheria ya namna hii, na majimbo mengine, yakiwemo Colorado na Pennsylvania, yakafuata. Wapo watu wengi wasio na bima ambao wanastahili Medicaid, yaani bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, au ruzuku ya kulipia bima ya kampuni binafsi, bila kujua, ilhali ofisi ya Mdhibiti wa Fedha wa jimbo tayari inayo taarifa za kipato chao. Sheria imeruhusu taarifa hizo zivuke kwenda Maryland Health Connection, ambalo ndilo soko la bima la jimbo, kwa idhini ya mlipakodi mwenyewe.

Neno idhini lizingatiwe. Fomu ina alama za namna mbili: ya kwanza inasema kwamba wewe, au mwenzi wako, hana bima, ya pili inaruhusu taarifa zipelekwe. Anayeweka ya kwanza na kuiacha ya pili hajaomba chochote, na hakuna atakayemtafuta. Tarehe ya kuzaliwa ijazwe. Watoto na wategemezi wengine wasio na bima huwekewa alama katika Fomu 502B, na hapo ndipo wazazi wengi husahau, hasa wanapojaziwa ritani na mtu mwingine ambaye hakuwauliza lolote kuhusu bima.

Baada ya hapo soko la bima hukadiria kile ambacho familia inaweza kustahili, kisha hutuma barua. Anayeonekana kustahili Medicaid anaweza kuomba wakati wowote wa mwaka. Kwa mipango ya kampuni binafsi, aliyewasilisha ritani kwa wakati hupewa siku 35 za kuchagua mpango, zinazohesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua, wala si siku alipoifungua. Makadirio si uamuzi: ni lazima ukamilishe maombi, uchague mpango, na ulipe mchango wa kwanza ikiwa ruzuku haikuumaliza wote. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado tunapokea watu waliofika hospitali wakiwa na nakala ya ritani mkononi badala ya kadi ya bima.

Kuhusu faini, tuseme wazi. Miswada ya awali ya Maryland ilipendekeza malipo kwa asiye na bima, lakini sheria iliyopita haina adhabu hiyo, na faini ya serikali kuu imekuwa sifuri tangu mwaka 2019. Wanaohamia New Jersey, Massachusetts, California au Rhode Island watakuta sheria tofauti. Ndugu anayeishi huko asiwe mshauri wako wa kodi ya Maryland.

Panapoweza kukugharimu kweli ni kwenye ruzuku. Anayelipiwa ruzuku ya serikali kuu kila mwezi hupokea Fomu 1095-A, inayoonyesha ruzuku aliyolipiwa, mwanzoni mwa mwaka unaofuata, na ni wajibu wake kuioanisha ruzuku hiyo na kipato halisi kwa Fomu 8962 katika ritani yake ya serikali kuu. Asiyefanya hivyo anaweza kupoteza ruzuku hiyo. Aliyekadiria kipato kidogo kuliko alichopata hurudisha ziada, na kuanzia mwaka wa kodi 2026 ukomo wa kiasi cha kurudisha umeondolewa. Kwa hiyo madereva wa teksi, wauguzi wa zamu na wengine ambao kipato chao hupanda na kushuka wanashauriwa kutoa taarifa kwa soko la bima mara tu mabadiliko yanapotokea, bila kungoja Januari.

Aliyehama baada ya kuwasilisha ritani abadilishe anwani mapema, kwa sababu siku 35 huendelea kuhesabiwa hata barua ikiwa imekwenda nyumba ya zamani. Asiyeielewa barua apige simu Maryland Health Connection na aombe mkalimani wa Kiswahili. Huduma hiyo haitozwi.