"Sista, mnaogopa kufa?" Dhana potofu kuhusu wahudumu wa afya waliotaka kuacha kazi

Dhana: Waliotaka kuacha kazi wakati wa korona waliogopa kufa.

Woga ulikuwepo, na haukuwa wa bure. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa kati ya Januari 2020 na Mei 2021 wahudumu wa afya 80,000 hadi 180,000 walikufa kwa korona duniani kote. Ila mimi, nesi wa wodini, niliogopa zaidi kurudi nyumbani na ugonjwa. Julai hapa Mbeya baridi inagonganisha meno. Nikitoka zamu ya usiku, nilivua sare uani, nikaoga maji ya ndoo hapo hapo, nikaloweka nguo kwenye beseni, huku mwanangu wa miaka minne kasimama mlangoni akiuliza mbona simbebi. Ndani yuko bibi yake, ana kisukari. Hesabu niliyokuwa napiga kila asubuhi ilikuwa hiyo.

Dhana: Manesi wamezoea vifo, hawaumii.

Kifo unakizoea kama ulifanya yote uliyopaswa kufanya. Kuchagua hakuzoeleki. Wagonjwa wawili wa "changamoto ya upumuaji" (ndivyo tulivyoita korona siku zile), mtungi wa oksijeni mmoja. Kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni kwenye damu, kinasoma asilimia 78 kwa mzee, 81 kwa kijana, na chini ya 90 tayari ni hatari. Unampa nani? Chuoni hukufundishwa hilo. Asubuhi unaandika ripoti ya zamu, mistari miwili, unamkabidhi mwenzako. Kuna mwenzangu alikabidhi, akakaa kwenye benchi la nje na glovu zake mikononi mpaka jua likapanda.

Dhana: Ni wito, wavumilie.

Maneno haya husemwa sana na watu ambao hawajawahi kukesha wodini. Wahudumu watatu wakiugua, zamu zao zinawaangukia waliobaki, wito au si wito. Uchovu wa kazi uliopitiliza ulifafanuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 kwenye toleo jipya la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lakini halikuuita ugonjwa: lilisema unatokana na msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa. Kwa hiyo wa kuulizwa kwanza ni anayepanga zamu.

Dhana: Wangeongezwa posho tu.

Posho tungepokea, nani anakataa? Ila haimleti mtu wa kukupokea zamu.

Dhana: Chanjo ilipofika, mawazo hayo yakaisha.

Chanjo ilizinduliwa hapa Tanzania tarehe 28 Julai 2021, na sisi tulikuwa kwenye makundi ya kwanza. Nyumbani nilianza kupumua. Lakini wengine walichoka baadaye, wodi zilipotulia wakapata nafasi ya kukumbuka.

Na kufikiria kuacha hakumaanishi kuacha. Mkopo wa benki unakatwa kwenye mshahara, na ajira ya serikali ukiiacha hujui utaipata tena lini. Wengi waliomba uhamisho. Yule wa kwenye benchi yuko zahanati moja huko Makete. Anasema baridi ya huko inamtesa kuliko ya Mbeya, ila usiku analala.