Tiba kwa vitendo kwa anayeishi na VVU: ni huduma gani hii?

Utengamao ni jina la jumla la huduma zinazomsaidia mtu kurudi kwenye shughuli zake, au kubaki nazo, baada ya ugonjwa au jeraha. Ndani yake mna mazoezi ya viungo, tiba ya usemi, vifaa saidizi na mengineyo. Tiba kwa vitendo, ambayo wengine huiita tiba kazi, ni tawi moja humo. Mtaalamu wake huanzia kwenye shughuli yenyewe: kuoga, kuvaa, kupika, kusuka ukili, kuendesha baiskeli, kuswali. Huitazama inavyofanywa, hutafuta inapokwamia, kisha hushughulikia uwezo wa mwili, au namna ya kuifanya, au kifaa na mahali inapofanyikia.

Sasa mtu atauliza: mwenye VVU si anameza dawa, basi? Tangu serikali ya Tanzania ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi bure mwaka 2004, watu wengi wameinuka vitandani na wanazeeka wakiwa na VVU. Ila kipimo cha wingi wa virusi hakisemi kila kitu. Virusi vinaweza kushuka hadi visionekane, na mwenyewe bado akashindwa kukalia mbuzi na kukuna nazi moja.

Sababu ni nyingi. VVU huweza kuharibu mishipa ya fahamu ya miguu na mikono, ikabaki ganzi au maumivu ya kuchomachoma. Miongoni mwa dawa za zamani ilikuwamo stavudine, iliyofanya hivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziiondoe taratibu mwaka 2009, lakini baadhi ya walioitumia bado wana ganzi hiyo. Wapo waliopata kiharusi, TB ya uti wa mgongo, au maambukizi ya ubongo kabla hawajaanza dawa. Wapo wenye uchovu usioisha, sonona, au kumbukumbu iliyopungua kasi. Watoto nao huweza kuchelewa kukaa, kutembea au kushika vitu.

Watafiti wa Canada wameieleza hali hii kuwa ulemavu wa vipindi: wiki hii mtu anabeba ndoo, wiki ijayo hawezi kupanda ngazi. Maji ya bahari hujaa na kupwa kwa saa zinazojulikana, na mvuvi wa Tanga hupanga safari yake kwa hizo. Ulemavu huu hauna ratiba, na ndiyo maana majirani humdhania mtu mvivu na mwajiri humwona msumbufu.

Vitendo vyenyewe huwa vya kawaida mno, hata mtu akashangaa kwamba hiyo nayo ni tiba. Mwenye ganzi miguuni hufundishwa kukagua nyayo kila jioni, maana anaweza kukanyaga msumari asijue, na kuacha ndala zinazovuka bila yeye kuhisi, avae viatu vyenye mkanda wa nyuma. Kama ganzi imefika mikononi, maji ya kuoga ayapime kwa kiwiko. Mpini wa kisu au mwiko unenepeshwe kwa kuzungushiwa tyubu kuukuu ya baiskeli, kitu kisichokosekana Tanga, ili kiganja dhaifu kiushike. Mbuzi ikimshinda kwa kuwa iko chini, hutafutwa namna ya kukuna akiwa amekaa juu zaidi. Aliyepooza upande mmoja hujifunza kuvaa kanzu au shati kwa kutanguliza mkono dhaifu, na kuvua kwa kutanguliza mkono mzima. Choo cha kuchuchumaa huwekewa kiti chenye tundu. Muuza maandazi anayechoka mapema hupangiwa upya kazi yake: unga ukandwe jioni, kusukuma afanye akiwa ameketi, kuni abebe mwingine.

Kusahau dawa ndiko kunakonikera zaidi, kwa jinsi kunavyochukuliwa. Anayeruka dozi hupewa mawaidha, wakati pengine ubongo wake umeathirika na mawaidha nayo atayasahau. Mtaalamu huyu angemtafutia mpangilio: kengele ya simu, kijisanduku chenye vyumba vya siku, dawa kuambatanishwa na jambo ambalo hakosi kulifanya, kwa mfano kumeza akitoka kuswali Isha.

Wengine huogopa kwamba mtaalamu akija nyumbani, mtaa mzima utajua. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka siri ya mgonjwa itunzwe, na huduma hii hupewa pia watu wa kiharusi, ajali na kisukari, kwa hiyo haimtangazi mtu.

Wataalamu hawa ni wachache. Nchini husomeshwa, kwa mfano, kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, na si kila kituo kinaye. Kwa mkazi wa Tanga, pa kuanzia ni kliniki ya CTC anakochukulia dawa: aombe rufaa, na ataje shughuli iliyomshinda. “Siwezi kufunga vifungo” humsaidia muuguzi kuliko “mikono inauma.” Lakini ukilegea upande mmoja ghafla, ukiumwa kichwa kikali pamoja na homa, au ukishindwa kuzuia mkojo huku miguu ikiisha nguvu, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.