Mistari kwenye bango haimaanishi hedi imeziba

Mafundi wengi wa mabango wakiona mistari myeupe inakatiza picha, hukimbilia kitufe cha kusafisha hedi, yaani kichwa cha mashine ya kuchapa kinachorusha wino kupitia matundu madogo. Mara moja, mara mbili, mara tano. Wino unaishia kwenye chupa ya uchafu, na mistari iko palepale.

Anza na chapa ya majaribio, ile yenye vijistari vya kila rangi. Ikitoka kamili, mara nyingi hedi haina kosa: vinili, ile plastiki inayochapwa, inasogea kupita kiasi kila hatua. Rekebisha kipimo cha hatua, hasa ukibadilisha aina ya vinili. Mistari ikiwa myeusi, ni kinyume chake, inasogea pungufu.

Vijistari vikikatika, chapa tena. Pengo likibaki palepale, huenda tundu limeziba kweli, safisha. Likihamahama, shuku hewa kwenye mirija au dampa (kifuko kidogo kinachopitisha wino kuingia kwenye hedi) iliyochoka, na kusafisha mfululizo kunaweza kuzidisha hewa hiyo. Kagua pia mpira wa kifuniko ambamo hedi hupumzika. Ukigandiwa na wino haubani, kwa hiyo pampu inanyonya hewa tu. Ufute kwa dawa inayoendana na wino wako, si spiriti yoyote ya dukani.