Ngome na Makanisa ya Mpakani Hungaria: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Mkoa wa Vas, magharibi mwa Hungaria, umepakana na Austria na Slovenia. Wageni wengi hufika huko na hadithi ambazo majengo yenyewe yanazikanusha.

Dhana: Ngome zilijengwa kuizuia Austria kwenye mpaka huu.
Mpaka wa leo ni matokeo ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hadi 1921 eneo la Burgenland lilikuwa sehemu ya Hungaria, kwa hiyo ngome za Güssing na Lockenhaus, zilizoko Austria sasa, ni ndugu wa ngome ya Kőszeg, mji wa mkoa huu wa Vas. Vukeni mkazione. Viza ya Schengen inatosha kwa nchi zote tatu, ila tembea na pasipoti, maana Austria imekuwa ikikagua watu mpakani hapo tangu 2015. Na fedha ya Hungaria ni forinti, si euro.

Dhana: Kőszeg iliwafukuza Waturuki kwa upanga.
Agosti 1532 jeshi la Sultani Suleiman, mtawala wa dola ya Kiosmani ya Waturuki, likielekea Vienna, liliuzingira mji huu mdogo. Ndani alikuwamo Nikola Jurišić, mkuu wa Kikroatia, na askari wachache mno. Wengi wa waliopigana walikuwa wakulima waliokimbilia humo. Walistahimili mashambulizi kwa zaidi ya wiki tatu. Mwisho wake, hata hivyo, yalikuwa mapatano: Jurišić aliruhusu bendera za Kiosmani zipandishwe ukutani, jeshi likaondoka, mji ukabaki mikononi mwake. Kwangu mimi ushujaa wao haupungui hata chembe kwa hilo. Hadi leo kengele za Kőszeg hulia kila siku saa tano asubuhi kwa kumbukumbu yao.

Dhana: Chochote chenye sura ya kale ni cha kale.
Mnara wa Mashujaa, unaopigwa picha kuliko kitu kingine mjini humo, ulijengwa 1932, kuadhimisha miaka 400 ya mzingiro ule.

Kanisa la kijiji cha Ják nalo lataka macho makini. Liliwekwa wakfu 1256, likiwa la monasteri ya Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, iliyoanzishwa na ukoo wa wenye ardhi. Ndiyo maana kijiji kidogo kina kanisa kubwa hivyo. Lango lake la magharibi limechongwa matao ndani ya matao, na juu yake Kristo na mitume wamepangwa wakipanda ngazi kwa ngazi. Lakini vilele vya minara unavyoviona ni kazi ya msanifu Frigyes Schulek, aliyelikarabati kati ya 1896 na 1904. Usilidharau kwa hilo; jua tu unatazama mikono ya nyakati mbili.

Dhana: Wachoraji wa Zama za Kati hawajulikani.
Nenda Velemér, kanisa dogo la matofali lililo nje ya kijiji, kwenye uwazi wa msitu. Michoro ya kutani ni ya Johannes Aquila, wa miaka ya 1370, naye alijichora mwenyewe humo akiwa amepiga magoti. Paa liliwahi kubomoka na mvua ikafifisha rangi nyingi, lakini Mamajusi ukuta wa kaskazini bado wanatambulika. Nenda siku ya jua, maana madirisha ni membamba. Ukitaka kumwona Aquila tena, vuka hadi Martjanci, Slovenia: huko alijichora mara nyingine, 1392.