Mshikio wa upinde hauhitaji mti unaopindika

Wengi hushikilia kwamba upinde wote, hata ule wa vipande 3, lazima uchongwe kwa mti unaopindika. Kwa mikono miwili, yaani vipande vya juu na chini vinavyopinda, ni sawa. Lakini mshikio wa kati, unaofungiwa mikono kwa bolti, haufai kupinda hata kidogo. Hapa Mombasa tafuta mbambakofi au mvule mkavu, kipande cha sentimita 50 kwa 7 kwa 5. Kikague ubavuni: nyuzi za mti zikienda mshazari na kutokeza pale panapochongwa pembamba kupitisha mshale, kitapasuka hapo hapo, hata mti uwe mgumu vipi. Chenye fundo karibu na tundu la bolti, kiache. Msaji ni imara, ila mafuta yake hukataa gundi. Ukiunganisha tabaka za msaji, piga msasa, futa kwa asetoni, kiowevu cha kuondoa mafuta, ikikauka tu paka gundi ya epoksi.